Ukiuguza mwenye maambukizi ya valvu ya moyo, uliza jopo limekaa lini

Mdogo wangu ana valvu ya moyo (mlango wa kupitisha damu) iliyoharibika tangu utotoni, chanzo kikiwa tonsesi zilizoachwa bila tiba. Homa ilipoanza kumpanda kila jioni, shuka likilowa jasho, zahanati ya jirani ikampa dawa ya malaria, kisha sindano za taifodi. Homa ikashuka, ikarudi. Alipofikishwa hospitali kubwa damu ikachukuliwa kuoteshwa maabara ili bakteria waonekane, lakini hakikuota kitu.

Aliyefumbua fumbo ni mtu wa maabara. "Mama, alishapewa antibaiotiki gani kabla ya kuja?" Bahati nzuri mama alikuwa ametunza maboksi matupu kwenye mfuko wa rambo. Dawa inayotangulia damu huweza kuwaficha bakteria, na hapo madaktari hubaki kutibu kwa kukisia. Kwa hiyo mwenye tatizo la valvu, au aliyewekewa ya bandia, akipata homa isiyoeleweka, omba damu ichukuliwe kwanza. Kwa kawaida huchukuliwa mara tatu, kila mara kwa kuchomwa upya. Akiwa hoi, huchukuliwa upesi na dawa ikaanza papo hapo.

Ugonjwa huu wa bakteria kushambulia valvu si wa daktari mmoja. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha vinundu vya bakteria na damu iliyoganda vikining'inia kwenye valvu. Kikimeguka kimoja na kwenda kwenye ubongo, mgonjwa anapata kiharusi. Dawa nazo zinaweza kuumiza figo. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya magonjwa ya moyo, ya 2015 na ya 2023, inataka wagonjwa hawa waangaliwe na jopo, yaani timu ya madaktari: wa moyo, wa upasuaji, wa maambukizi, wa maabara, na wengine kadiri mgonjwa anavyohitaji.

Wodini kwetu wote hao walikuwepo, ila kila mmoja kwa saa yake. Asubuhi wa moyo anasema eko imebadilika, mchana wa figo anataka dozi ipunguzwe, usiku zamu mpya haina habari. Ndugu ndio tukawa matarishi. Tulichojifunza ni kuuliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Samahani daktari, nani anaongoza matibabu yake? Jopo limekaa lini, na wa upasuaji alikuwepo?" Majibu yakisuasua, rudia kesho yake. Hakuna aliyetufukuza kwa kuuliza.

Halafu nunua daftari. Andika joto, dawa, saa, nani kasema nini. Mgonjwa wetu alilalamika masikio yanavuma, tukaambiwa ni uchovu. Mfamasia alipopitia daftari akaona mlio ule umeandikwa siku mfululizo tangu aanzishiwe jentamaisini, akaacha alichokuwa akifanya na kumpigia daktari simu. Dawa hiyo inaweza kuharibu masikio pamoja na figo. Ikabadilishwa.

Suala la upasuaji ndilo linalotisha familia, na wengi husema "amalize dozi kwanza." Dozi mara nyingi ni wiki 4 hadi 6 za sindano, na moyo unaweza usisubiri. Akishindwa kupumua akilala chali, miguu ikavimba, maambukizi yakikataa kutulia licha ya dawa, au kinundu kikawa kikubwa, daktari wa upasuaji aingie kwenye mazungumzo siku hiyohiyo. Hospitali isiyo na huduma hiyo iulizwe mapema kuhusu rufaa, mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Afisa ustawi wa jamii naye muone mapema, deni likiwa bado dogo.

Daktari wa meno watu humsahau, wakati bakteria wengi wa ugonjwa huu hutoka kinywani. Aliyewahi kuugua hivi, au mwenye valvu ya bandia, amwambie kabla ya kung'olewa jino, maana anahitaji antibaiotiki ya kinga: mara nyingi amoksilini gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 kabla. Kama penisilini inamdhuru (amoksilini ni ya jamii hiyo), aseme mapema apewe nyingine.