Midelwea ya maabara: kabla hujalipa, mchomolee muuzaji kebo

Mkuu, umesema mna mashine tatu za maabara, mfumo wa hospitali na programu ya uhasibu, na muuzaji anakukazania midelwea, yaani programu ya kati ya kuviunganisha vyote, kwa bei ya kutoa jasho. Unauliza kama ni lazima. Nimekaa IT ya hospitali moja ya binafsi miaka sita, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Sisi tulianza bila. Kila mashine niliiandikia kijiprogramu cha kupeleka majibu kwenye mfumo na kingine cha kupeleka bili uhasibu. Mashine 3, mifumo 2, viprogramu 6. Siku mfumo wa hospitali ulipopandishwa toleo, vitatu vilikufa asubuhi moja, na watu wa maabara wakarudi kwenye kalamu na daftari. Ukiweka programu ya kati, kila kitu kinaunganishwa nayo mara moja tu: 3 jumlisha 2. Kwenu tofauti ni ndogo. Kwa mwenye mashine 10 na mifumo 4, ni viungo 14 badala ya 40.

Ila usidhani unanunua kebo. Unanunua mkalimani. Mashine yetu ya damu ilikuwa na poti ya siriali, tundu la kebo la kizamani, na inaongea ASTM, lugha ya mashine za maabara. Kwanza inatuma alama moja tu, ENQ, ndiyo hodi yake. Usipoijibu ACK, yaani karibu, haisemi neno. Ikishakaribishwa inatoa majibu kipande kwa kipande, kila kimoja na namba ya uhakiki, isipolingana, kinarudiwa. Mfumo wa hospitali wenyewe unajua HL7, lugha ya mifumo ya hospitali, mistari mirefu iliyokatwakatwa kwa vijiti |. Hawa wawili hata uwaweke meza moja hawasikilizani.

Sasa mkalimani akikosea ndipo utajua hujui. Mashine mpya ilitoa hemoglobini kwa gramu kwa lita, mfumo unasoma gramu kwa desilita. Mama mjamzito akaandikwa 112 badala ya 11.2. Hiyo ilituchekesha tu, maana hakuna daktari wa kuiamini. Sukari ndiyo haichekeshi: 18 kwa milimoli kwa lita imepanda vibaya, 18 kwa miligramu kwa desilita imeshuka hadi mtu anaweza kupoteza fahamu. Namba ileile, matibabu yanayopingana! Kwa hiyo kaa na mkuu wa maabara mpitie kipimo kimoja kimoja na vizio vyake. Angalieni na namba za sampuli. Kwetu 00417 iliwahi kufika 417, majibu yakakosa mwenyewe.

Uhasibu usiulipie muunganisho wa papo kwa papo. Faili moja la bili kila jioni linatosha.

Kama una kijana wa kukaa nayo, kuna midelwea iitwayo Mirth Connect, hadi toleo la 4.5 ni programu huria, lakini upande wa siriali na ASTM utahangaika mwenyewe. Kama huna, mlipe muuzaji, ila kwa sharti. Siku ya majaribio, chomoa kebo ya mtandao ya seva mbele yake, pimeni sampuli tano, subirini nusu saa, kisha irudishe. Majibu matano yaingie yote, kila moja mara moja tu. Yakiingia manne, au sita, usisaini.