Maswali ya Wasomaji: Majira ya Joto katika Msitu wa Hubbard Brook

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga niliyehitimu shahada ya misitu Morogoro, na sasa nasoma shahada ya uzamili Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Mwanzoni mwa Juni nitaanza kazi ya msaidizi wa utafiti wa ikolojia katika Msitu wa Majaribio wa Hubbard Brook, kwenye milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire, ambako nitapima miti na kukusanya sampuli za maji ya vijito. Miti ya huko siijui, navaa hijabu, na mama yangu amesikia habari za dubu hata hapati usingizi. Nijiandae vipi?
Msomaji, Massachusetts

JIBU: Marahaba, mwanangu. Majina ya miti yasikutie hofu. Wewe umetoka karibu na Usambara, ambako kipande kidogo tu cha msitu huwa na spishi nyingi kiasi cha kumchosha hata mtaalamu wa mimea, ilhali sehemu kubwa ya Hubbard Brook imetawaliwa na tatu: Acer saccharum, ambao utomvu wake huchemshwa ukawa shira, Fagus grandifolia, wenye gome la kijivu ambalo mara nyingi limejaa makovu ya ugonjwa, na Betula alleghaniensis, ambao gome lake la manjano hubanduka kwa tabaka nyembamba. Ukipanda juu zaidi utakuta Picea rubens na Abies balsamea, ambayo ni jamii ya misonobari. Hayo utayazoea upesi.

Kinachohitaji maandalizi ya kweli ni mkono wako na daftari lako, na sababu yake iko katika historia ya mahali penyewe. Msitu huo ulitengwa mwaka 1955 kwa utafiti wa maji, chini ya Idara ya Misitu ya Marekani, na mwaka 1963 Gene Likens, Herbert Bormann na wenzao walianza kupima virutubisho na kemikali zinazoingia bondeni kwa mvua na zinazotoka kwa vijito. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba mvua ilikuwa na asidi nyingi, ingawa eneo lenyewe liko mbali na viwanda vikubwa, na ushahidi uliokusanywa mwaka baada ya mwaka ukachangia marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990. Asidi hiyo ilikuwa imekwisha kunyang'anya udongo kalisi nyingi, hata watafiti wakaamua mwaka 1999 kuirudisha kwa kuimwaga katika bonde dogo moja ili waone msitu utaitikiaje. Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo lingejulikana kama kila msaidizi mpya angepima kwa mtindo wake.

Chukua mfano wa kipenyo cha mti. Kwa mazoea yetu huku tunapima kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini Wamarekani hupima kwenye mita 1.37. Sentimita saba zinaonekana si kitu, ila mti uliopimwa mara zote kwenye 1.37 na leo ukapimwa chini kidogo unaweza kuonekana umenenepa ilhali haujaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo soma mwongozo wa mradi wako kabla ya kufika, uulize mti ulio kwenye mteremko hupimwa kuanzia upande gani (kwa kawaida ni upande wa juu), na utafute alama iliyoachwa na waliotangulia. Kwenye maji, simama upande wa chini wa mahali unapochota, suuza chupa mara tatu kwa maji ya kijito hichohicho kisha umwage upande wa chini, na usiguse ndani ya kizibo, kwa kuwa jasho la kidole lina chumvi za kutosha kuharibu kipimo. Andika kwa penseli kwenye karatasi isiyoharibiwa na maji. Ukikosea, piga mstari mmoja ili la zamani liendelee kusomeka. Sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti: ya kwanza inasema ulitazama usione kitu, ya pili inasema hukutazama. Mti usiouona usiukisie; andika kwamba haukuonekana. Nimewaona vijana hodari wanaoona aibu kuandika hivyo, na aibu hiyo ndiyo inayochafua takwimu.

Kuhusu mwili, usihadaiwe na maneno "majira ya joto". Mvua huko, kama milimita 1,400 kwa mwaka, husambaa katika miezi yote, kwa hiyo hutapata kiangazi cha kwetu. Nguo za pamba zikilowa hukaa na ubaridi. Chagua sufu nyepesi au polyesta, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Juni utakutana na usubi wanaouma vibaya, lakini hawaambukizi ugonjwa wa upofu tunaoujua Tanga na Morogoro. Wa kuogopwa zaidi ni kupe wachanga, wadogo kama mbegu za mchicha, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, jikague mwili mzima kila jioni, na ukimkuta mmoja, mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi. Likitokea doa jekundu linalopanuka au homa katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari bila kuchelewa. Dawa za kuua bakteria hutibu vizuri zikianzwa mapema.

Hijabu haina tatizo, na mikono mirefu itakukinga kuliko wenzako. Vaa fupi, ya kitambaa cha michezo, uichomeke ndani ya shati ili isinaswe na matawi. Waeleze pia wenzako mapema kwamba utahitaji dakika chache za sala mchana. Magharibi ya Juni huingia karibu saa mbili na nusu usiku, na Isha baadaye sana, kwa hiyo panga usingizi wako.

Mwambie mama kwamba dubu wa huko ni wale weusi, ambao kwa kawaida humkimbia mtu. Muhimu ni kutoacha chakula ovyo. Mimi ningemwomba akuombee zaidi barabarani usiku, kwa kuwa moose, mnyama mkubwa sana wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, huvuka bila kutarajiwa na ni vigumu kumwona gizani.

Limebaki moja, ambalo kwa mpangilio wa siku ndilo la kutangulia. Viza yako haikuruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini. Nenda wiki hii katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukiwa na barua ya ajira, uulize ni nani atakayekulipa na kama kazi hiyo inahitaji kuidhinishwa kuwa mafunzo ya vitendo katika fomu yako ya I-20. Jibu lipate kwa maandishi, na kama idhini inahitajika, usianze hata siku moja kabla haijatolewa.