Trekta likiingia hewa, anzia kwenye tangi

Msimu wa kulima ukifika, simu ninazopigiwa kuliko zote ni za trekta lililozimika katikati ya shamba na kugoma kuwaka. Nikifika nakuta betri imeshalegea kwa kupigwa staata, nati za nozeli zote ziko wazi, na watu wamekata tamaa. Injini yenyewe mara nyingi ni nzima. Imeingia hewa tu kwenye njia ya mafuta, na waliojaribu kuitoa wameanzia mwisho wa njia ya mafuta badala ya mwanzo wake.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, kisha nozeli inapuliza mafuta kama ukungu na yanawaka yenyewe. Nozeli hiyo ina springi inayoifunga, na kwenye injini nyingi za zamani haifunguki mpaka mgandamizo ufike bar 170 au zaidi. Sasa chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba mdomo kwa kidole usukume: halisogei. Lijaze hewa usukume: linasogea, na ukiachia linarudi. Hicho ndicho kinachotokea kwenye paipu za nozeli. Pampu inasukuma, hewa inajikunja, nozeli haifunguki. Unaweza kupiga staata mpaka jioni.

Nitaeleza kwa Massey Ferguson 240 na ndugu zake wenye injini ya Perkins ya silinda 3 na pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli, aina ya CAV DPA, kwa sababu ndiyo ninayoshika zaidi huku bonde la Kilombero.

Kabla ya kushika spana, hakikisha mafuta yapo kweli. Usiamini geji, fungua kifuniko uchungulie. Ukisikia hewa ikivutwa ndani unapofungua, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba, na huenda hicho ndicho kilichozima trekta. Angalia koki ya tangi iko wazi. Angalia kamba ya kuzimia imerudishwa ndani kabisa, maana ikibaki imevutwa pampu haitoi mafuta hata ukitoa hewa vizuri namna gani. Halafu osha kwa brashi na dizeli eneo lote la filta na pampu. Vipuri vya ndani ya pampu hii vimebanana mno, na chembe ya mchanga ikiingia umeshanunua kazi nyingine kubwa.

Pembeni mwa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta, na chini yake kikono cha kusukuma kwa mkono. Kisukume. Kikiwa kinalegea tu bila kuvuta, usikimbilie kununua pampu mpya. Kemu ya injini, yaani shafti yenye nundu inayoendesha pampu hiyo, imesimama mahali ambapo tayari imeisukuma pampu hadi mwisho, kwa hiyo mkono wako haupati nafasi. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa kutojua jambo hili dogo.

Sasa legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya filta, mizunguko miwili au mitatu, usiitoe yote. Legeza pia zile mbili za kwenye pampu ya nozeli: moja iko ubavuni mwa pampu, nyingine juu, kwenye nyumba ya gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Sukuma kikono polepole. Mwanzoni hakitoki kitu. Kisha kwenye filta utasikia mchirizo mwembamba na litatoka povu jeupe, baadaye mafuta yenye mapovu makubwa yanayopasuka moja moja, na mwisho dizeli safi inayotiririka bila kukatika. Hapo usiwe na haraka. Mafuta yakisafika endelea kusukuma kidogo, kwa kuwa mara nyingi kuna povu jingine nyuma yake. Kaza skrubu ya filta mafuta yakiwa bado yanatoka. Ukisubiri yasimame, hewa inarudi palepale ulipoitoa. Fuata ile ya ubavuni mwa pampu, halafu ya juu. Legeza kidogo na nati ya paipu inayoingiza mafuta kwenye pampu, sukuma tena, kaza.

Baada ya hapo ndipo unagusa nozeli. Legeza nati za paipu upande wa nozeli, mbili zinatosha, kwa spana ya inchi 5/8. Spana ya milimita iliyolegea itakula kona za nati, na shambani huna pa kupata nyingine. Weka gia huru, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, mwambie mwenzako apige staata. Isizidi sekunde 15 kwa mara moja, kisha aiache ipoe kabla ya kurudia. Mafuta yakianza kuchuruzika kwenye nati bila mapovu, zikaze na upige tena. Injini itashika kwa kukohoa, pengine silinda moja ikichelewa, kisha mdundo utanyooka.

Jambo ambalo nalisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu: mkono usikae mbele ya paipu hizo staata inapopigwa, na usitafute uvujaji kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Dizeli inayotoka kwa mgandamizo huo inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hata hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani mafuta yanaua nyama. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na umweleze daktari kwamba ni dizeli ya mgandamizo. Kidole kinaweza kukatwa kwa kusubiri kesho. Tumia kipande cha boksi kutafuta uvujaji.

Na wale wanaomwagia petroli kwenye bomba la hewa ili injini ishtuke, tafadhali acheni. Petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Inavunja ringi, inapinda koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, na moto ukirudi nje unakutana na uso wa mtu.

Trekta likiwaka, kazi bado. Kama halikuishiwa mafuta wala hukubadilisha filta, hewa imeingia mahali, na kesho itaingia tena. Hapa ndipo mafundi wengi wanapomwacha mteja. Ugumu wake ni huu: kuanzia tangi hadi pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi, hivyo tundu la upande huo linaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone. Mtu anapapasa paipu, anaikuta kavu, anasema nzima.

Njia ninayoiamini ni kuweka kipande cha mpira wa plastiki angavu kabla ya pampu ndogo, kisha kuangalia injini ikiwaka. Ukiona mapovu yanapita humo, tundu liko nyuma, kuelekea tangini. Kuthibitisha, ninainua dumu safi la dizeli juu kuliko injini na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ndogo. Trekta likifanya kazi hivyo bila kukatika, basi nachunguza mpira wa tangini, klipu zake na koki. Mpira wa zamani ukunje kwa vidole. Nyufa zinajionyesha pale unapopinda tu. Mapovu yasipoonekana kwenye plastiki, nahamia kwenye pampu ndogo yenyewe, oringi ya filta, yaani pete yake ya mpira, na washa za shaba, vile vipete bapa vinavyozuia uvujaji. Washa iliyokwisha kubanwa mara kadhaa haishiki tena. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha kila unapofungua.

Kwenye gari kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kazi ni nyepesi zaidi. Juu ya filta kuna kitufe cha pampu ya mkono: kibonyeze mpaka kiwe kigumu, kisha washa. Mara nyingi inatosha, pampu yake inarudisha hewa iliyobaki kwenye tangi.

Ila magari mapya yenye reli moja ya mafuta, yaani bomba moja linalogawia nozeli zote, kama Toyota za D-4D, usilegeze paipu za nozeli kabisa. Humo mgandamizo unazidi bar 1,000, na jeraha lake si la kujaribu. Tumia pampu ya mkono ya kwenye filta kama ipo, ipe staata muda wake, na gari likikataa lipeleke kwa fundi mwenye kompyuta ya kulisoma.