Kutafuta ikoni za mtakatifu wangu safarini: ni uchaji au ni tamaa tu?

SWALI: Baba, nibariki. Mimi ni Mwothodoksi wa Mombasa, baharia wa meli ya mizigo, nimebatizwa kwa jina la Dimitrios. Kila tukitia nanga Ugiriki, Bulgaria au Romania, naomba ruhusa nishuke nikatafute kanisa lenye ikoni, yaani picha takatifu, ya mtakatifu Dimitrios, ambaye jina lake ndilo langu. Simu yangu sasa ina picha zaidi ya sitini. Dada yangu, ambaye ameokoka, anasema naabudu sanamu. Hilo halinikoseshi usingizi. Linalonisumbua ni kwamba siku nyingine naingia, napiga picha, natoka mbio niwahi meli, hata ishara ya msalaba sijafanya. Natenda dhambi? Na ikoni iliyoko makumbusho, nyuma ya kioo, naweza kusali mbele yake?

JIBU: Bwana akubariki, mwanangu.

La dada yako tulimalize haraka. Mtaguso wa Saba, uliokutana Nikea mwaka 787, ulitenganisha ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima tunayoipa ikoni, ambayo haiishii kwenye ubao na rangi bali humfikia aliyechorwa. Mweleze kwa upole mara moja, kisha kuleni chakula.

Lako ndilo zito. Kutafuta si dhambi. Mwenye ndugu yake katika bandari fulani atapitaje asipige hodi? Lakini ndugu hapigwi picha mlangoni ukaondoka bila kumwamkia. Tazama barua yako: umenitajia idadi ya picha, hukunitajia hata moja inaonyesha nini.

Meli ikifika Thessaloniki, nenda kanisani kwake mwenyewe. Kutoka bandarini unafika kwa miguu. Kanisa hilo liliungua karne ya 7, likaungua tena mwaka 1917, moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji. Kwenye nguzo zilizo karibu na madhabahu zimebaki mozaiki, picha za vipande vidogo vya mawe na kioo, za karne hiyo ya 7, zilizotengenezwa kabla wavunja ikoni, waliopinga picha takatifu na kuziharibu, hawajaanza kazi yao. Zikague polepole. Hutaona farasi wala mkuki. Amesimama na joho la mtu wa cheo, kiganja wazi, anaomba. Katika moja yupo kati ya askofu na liwali, amewakumbatia mabegani. Katika nyingine yuko na watoto.

Farasi mwekundu anayempanda katika ikoni unazozijua wewe alikuja karne za baadaye (wa mtakatifu Georgios ni mweupe, ndivyo tunavyowatofautisha). Na yule anayechomwa mkuki chini ya kwato? Pengine ni Lyaios, mpiganaji aliyeuawa uwanjani na kijana Nestor baada ya Dimitrios kumbariki. Pengine utaambiwa ni Kaloyan, mfalme wa Bulgaria, aliyefia nje ya Thessaloniki mwaka 1207 akiwa ameuzingira mji. Wenyeji wakasema mtakatifu wao ndiye aliyemchoma. Sasa vuka mpaka, uingie Bulgaria. Ndugu zake Kaloyan, Asen na Peter, walikuwa wameanzisha uasi wao dhidi ya Wabizanti kule mjini Tarnovo kwenye kanisa walilomjengea Dimitrios huyohuyo. Walisema ameihama Thessaloniki, iliyotekwa na wavamizi Wanormani mwaka 1185, amekuja upande wao. Mtakatifu mmoja, na kila jeshi linadai ni wake! Ikoni ya Kaloyan naiheshimu, lakini sikufichi, moyo wangu uko kwenye zile nguzo.

Kwa hiyo, ukiingia kanisani, washa mshumaa. Busu kwanza ikoni iliyowekwa katikati, kisha ya mtakatifu mwenye kanisa hilo, ndipo umfuate wa kwako. Mgeni huanza kwa mwenye nyumba. Simu itoke baadaye, kwa ruhusa ya mlinzi wa kanisa, na wakati wa Liturujia isitoke kabisa. Siku ambayo una dakika tano tu, mshumaa unatosha, picha iache. Na zile sitini usizifute. Ukiwa zamu ya usiku, fungua moja, umtajie Dimitrios majina ya wenzako melini, wa dini yoyote ile, kama alivyosimama kati ya watu kwenye mozaiki.

Kuhusu makumbusho: kioo hakiondoi utakatifu. Moscow, katika jumba la Tretyakov, ipo mozaiki ya Dimitrios ya karne ya 12 iliyotoka kanisa la Mikaeli Malaika Mkuu huko Kyiv, kanisa lililobomolewa miaka ya 1930. Haikwenda pale kwa kupenda kwake. Mbele ya ikoni kama hiyo simama, fanya ishara ya msalaba, omba kimyakimya. Ila kioo usikibusu. Askari wa zamu atakutoa nje, na haki itakuwa yake.

Tarehe 26 Oktoba ikikukuta baharini, imba troparia yake, wimbo mfupi wa sikukuu yake, hata peke yako kwenye sitaha. Halafu niandikie tena, uniambie katika picha ya kwanza kabisa uliyopiga, mtakatifu wako alikuwa amevaa nini.