Mwembe wa Babu na Kosa la Kuukata Kichwa

Mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba yetu ya Tanga ulipandwa na babu, na nilipokabidhiwa nyumba ile ulikuwa umelipita paa kwa zaidi ya mara mbili. Jirani alikuwa akilalamikia matawi yaliyoegemea mabati yake, nami, kwa kutaka kazi iishe kwa bei nafuu, nilimwita kijana mwenye msumeno wa mnyororo ambaye alishauri tuukate kichwa chote, kwa hoja kwamba mti mfupi ni mti salama. Nilikubali, na makosa yangu yote mengine katika ua ule ni madogo kuliko hilo.

Mti uliokatwa kichwa hupoteza majani yanayoulisha, kwa hiyo hutumia akiba yake kutoa machipukizi mengi kwa pupa. Machipukizi hayo hurefuka upesi, lakini hayajajifunga ndani ya mti kama tawi lililokua nao tangu mwanzo. Hushikilia karibu na gome tu, huku vidonda vipana vilivyo chini yake vikioza. Baada ya miaka michache mwembe ulirudia urefu wake, ila sasa kila kusi ilipovuma nililala nikiusikiliza, na usiku mmoja tawi lilianguka juu ya choo cha nje, ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu.

Fundi wa pili, mtu mzima aliyezoea kazi hiyo, aliugonga mti kwa nyundo, akasikiliza mlio wa uwazi, akakataa kabisa kuukwea. Alisema kamba haifungwi kwenye mti uliooza, na kwamba lazima tukodi gari la kuinulia watu. Tuliomba TANESCO wazime umeme kwenye waya uliopita karibu, kisha mti ukashushwa kipande kwa kipande kutoka juu, kila gogo likiteremshwa polepole kwa kamba. Gharama ilizidi ile ya kwanza mara nyingi. Msikae karibu na kazi hiyo bila nguo za mikono mirefu: utomvu wa mwembe huunguza ngozi.

Mfenesi uliobaki uani fundi huyo aliupogoa, na hapo ndipo nilipojifunza. Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza msumeno huingia kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, bila kulimaliza tawi. Pili hukata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, ili tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Tatu huondoa kipande kilichobaki, nje tu ya uvimbe unaozunguka mahali tawi linapoanzia. Uvimbe huo usiguswe, wala kipande kirefu kisiachwe kama kigingi. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili kuchunguza ndani yake, alionyesha kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi inavyopona, bali huizungushia kuta sehemu iliyoharibika na kuendelea kukua juu yake; ukikata uvimbe ule, umeuharibia ulinzi huo. Rangi au oili chafu tunayopaka juu ya kidonda haisaidii kuzuia kuoza.

Kwa mti mzee, msiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na hata robo ni nyingi.

Kabla ya kumpa fundi kazi, mwulizeni ataanza kulikata tawi wapi. Akijibu kwamba atalikata lote kwa mara moja, au akija na viatu vya miiba ya chuma kwa mti mnaotaka uendelee kuishi, mshukuruni na mtafute mwingine. Ulizeni pia serikali ya mtaa na ofisi ya misitu kuhusu kibali, na mkubaliane kwa maandishi magogo yatakuwa ya nani na nani atakiondoa kisiki, maana changu bado kipo hadi leo, kimejaa mchwa, hatua chache kutoka msingi wa nyumba.