Usiku wa gitaa la bluzi Mwanza: simama karibu na fundi mitambo

Nikimwalika mtu kwenye onyesho la bluzi na roki, jibu ninalopata mara nyingi ni hili: "Nyimbo zao sizijui." Mimi naona hiyo si sababu. Sehemu kubwa ya bluzi inapita njia moja, baa 12 (kila baa ni mapigo manne) na kodi tatu (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za TRA), na ukishaizoea hiyo njia utaufuata hata wimbo ambao hujawahi kuusikia. Kinachoharibu usiku wa watu wengi ni kukaa mahali pabaya, kuja na njaa, na kusubiri kiitikio cha kuimba pamoja wakati shughuli yenyewe iko kwenye vidole vya mtu mmoja. Hapa Mwanza kumbi zinajazwa na bongofleva, singeli na dansi. Bendi ya gitaa ikitangazwa kwenye bustani ya hoteli fulani kando ya ziwa, hujui nyingine itakuja lini, kwa hiyo nenda umejiandaa.

Tangazo likisema saa 1 usiku, muziki utaanza saa 3. Wewe nenda saa 12 jioni. Muda huo ndio wanajaribu mitambo, na mpiga gitaa atapiga peke yake kidogo, bila mayowe na bila vigelegele. Utausikia mlio wake ulivyo. Ukisikiliza vizuri utasikia pia mngurumo mdogo kwenye spika hata akiwa hajagusa nyuzi. Usimlaumu fundi. Gitaa nyingi za umeme zenye vinasa mlio vya koili moja hunasa mtetemo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Mtazame: atageuka taratibu, hatua moja kushoto, nusu hatua kulia, mpaka mngurumo upungue, kisha ataikumbuka hiyo sehemu usiku kucha.

Na agiza chakula mapema. Sato wa kuchoma ukimwagiza saa 3 atakuja saa 4 na nusu, katikati ya solo, na hapo lazima uchague. Mimi naagiza nikifika, nakula, nanawa, naiacha meza kabisa. Meza ni za watu waliokuja kuongea.

Sasa mahali pa kusimama, maana hapo ndipo fedha ya kiingilio inapolipa au inapopotea. Watu hukimbilia mbele kabisa, chini ya jukwaa. Huko utamwona mpiga gitaa vizuri lakini utamsikia vibaya. Spika kubwa za ukumbi ziko pembeni na zinatazama mbele, zinakupita. Unachopata ni amplifaya yake tu ikikulenga usoni, huku mwimbaji humsikii. Spika ya gitaa hupeleka mlio mkali moja kwa moja kama tochi: aliye kwenye mstari wake anachomwa masikio, aliye pembeni hatua tatu anasikia mlio mzito usio na makali. Mtafute fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, pale alipo, kwa hiyo anachosikia yeye ndicho kilichokusudiwa. Simama mbele yake kidogo, usimzibe, na usimwekee bia juu ya meza yake ya vitufe.

Kando ya ziwa kuna jambo moja zaidi ambalo watu wa bara hawalijui. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu ikishapoa kuliko maji, upepo unageuka na kuvuma kuelekea ziwani. Jukwaa likiwekwa ukingoni mwa maji na spika zikaelekezwa bustanini, sauti inakuja ikipambana na upepo, na milio myembamba ya gitaa ndiyo inayoumia kwanza. Kwenye meza za nyuma utasikia besi na dramu, gitaa likija na kupotea. Usiku wa namna hiyo sogea mbele kuliko kawaida yako. Wavuvi wa dagaa na taa zao huko majini huenda wanasikia solo vizuri kuliko wewe uliyelipa.

Ukishapata mahali, anza kuhesabu. Hesabu nne nne, mara 12. Kila nne ni baa moja. Baa nne za kwanza bendi inakaa kwenye kodi ya nyumbani, ile wimbo unapoanzia na kurudi. Mbili zinazofuata inapanda kodi ya pili, mbili inarudi nyumbani. Kisha ile kodi ya tatu yenye kuvuta inakuja kwa baa moja, inashuka kwa ya pili baa moja, na mbili za mwisho ziko nyumbani tena. Wakipiga kwa A, ni A, D na E. Usimfuate mpiga gitaa kwenye kuhesabu, atakupoteza makusudi. Mfuate mpiga besi. Ukifika mzunguko wa tatu au wa nne utaanza kujua kodi inabadilika kabla haijabadilika, na hapo ndipo raha inapoanza, kwa sababu sasa unaweza kusikia mwenye gitaa anapochelewa kwa hiari yake na anapowahi.

Kwa nini gitaa lipewe nafasi kubwa hivi? Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alitoka Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943, na kwenye vilabu vyenye kelele vya mjini gitaa kavu halikufua dafu, akahamia la umeme. Miaka ya 1960 vijana wa Uingereza wakazichukua rekodi za watu kama yeye, wakafungulia sauti mpaka mwisho. Hata mpiga gitaa Jimi Hendrix, Mmarekani halisi, ilibidi aende London mwaka 1966 ndipo jina lake livume. Katika muziki huu mwimbaji anasema mstari mmoja, gitaa linamjibu, anasema mwingine, linamjibu tena. Sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea kusubiri chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka, ndipo gitaa la solo litawale, Mbaraka Mwinshehe akikupeleka anakotaka. Kwenye bluzi usisubiri mwisho. Solo imekatwa vipande vidogo vidogo tangu beti ya kwanza.

Nilikwenda safari moja na mjomba wangu, ambaye ujanani alipiga gitaa la rithim, lile la kusindikiza, kwenye bendi ya dansi. Alikaa kimya muda mrefu, mikono kifuani, nikadhani amechoka.

"Anapiga kidogo huyu," akasema.

"Mjomba, na hizo noti zote?"

"Mjomba, sikiliza anapoacha."

Basi nikaanza kumtazama mpiga gitaa mkono wa kushoto. Wimbo ulikuwa wa polepole. Alikibana kidole cha tatu kwenye uzi mwembamba, akausukuma juu ya ubao mpaka noti ikapanda, akaishikilia hapo ikitetemeka, ngozi ya ncha ya kidole imekuwa nyeupe kwa kubana. Kisha akaachia, na baa nzima ikapita hajagusa kitu. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kikazungusha kitufe cha sauti chini kidogo, na noti iliyofuata ikatoka kama mtu anayeongea kwa siri. Watu wa meza za nyuma waliokuwa wakipiga stori wakajikuta wanapiga stori kwa sauti kubwa kuliko muziki, wakanyamaza wenyewe. Kama mpiga gitaa anatumia mkono wa kulia kucharaza, simama upande wake wa kushoto, yaani kulia kwako ukilitazama jukwaa. Huko ndiko shingo ya gitaa inakoelekea.

Uzi ukikatika, usitumie nafasi hiyo kwenda chooni. B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, mwaka 1985, kwenye tamasha la Farm Aid huko Marekani, alibadilisha uzi uliokatika huku anaendelea kuimba, na bendi nyuma yake haikusimama. Vitu kama hivyo huvioni kwenye rekodi.

Suala la kutuza. Mkoa huu una watu wanaojua kumpima mchezaji na kumlipa. Anayetilia shaka aende Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, awaone Wagika na Wagalu, makundi mawili pinzani ya wachezaji, wakigombania watazamaji. Kwa hiyo siwezi kukuambia ukae na noti yako mfukoni. Lakini mpiga gitaa wa bluzi ana vibonyezo chini, mbele ya miguu yake, vya kubadilisha mlio, vimeunganishwa kwa waya mmoja hadi mwingine. Niliwahi kumwona mama mmoja, kitenge kizuri, anacheza kwa madaha mpaka jukwaani na elfu kumi mkononi, solo imefika kileleni. Akakanyaga kibonyezo, gitaa likazima kabisa. Dramu na besi zikaendelea, mpiga gitaa akatazama chini, akatazama juu, akacheka, akainama kumpa paji la uso abandike noti, kisha akakibonyeza tena kwa kisigino. Alikuwa muungwana. Wewe mtuze akiwa anapiga rithim, mwimbaji akiwa ameshika wimbo, na umfikie kwa ubavuni. Mkono wake usiuguse. Ikishindikana, iweke noti juu ya amplifaya.

Masikio nayo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza saa 8 tu kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 unakaa nazo dakika 15. Onyesho ni saa mbili na zaidi. Tafuta vizibo vya sponji kabla ya siku yenyewe, uvikunje vizuri viingie ndani. Pamba haisaidii sana. Mwanzoni muziki utauona mzito, nyimbo mbili baadaye umezoea. Na usiende na mtoto mdogo halafu ukamkalisha karibu na spika kwa sababu tu analala popote.

Mengine ni madogo. Chukua koti, usiku wa ziwani una baridi yake. Paka dawa ya mbu. Ukikaa karibu na taa za jukwaa, funika glasi yako, kuna usiku wadudu wa ziwani wanajaa kwenye mwanga mpaka mwimbaji anafunga mdomo. Video rekodi wimbo mmoja, maana simu nyingi sauti kubwa inazishinda, utabaki na mkwaruzo. Na bajaji ya kukurudisha Igoma, Nyegezi au Buhongwa panga nayo mapema, nauli mkubaliane kabisa, umwambie dereva aongeze nusu saa juu ya muda wa kumaliza uliotangazwa. Bendi hizi zikiaga huwa zinarudi.

Ukitaka kuongea na wanamuziki, wasubiri wakiwa wanakunja waya. Uliza anatumia nyuzi za unene gani, au ule wimbo wa polepole wameupiga kwa ufunguo upi, yaani kodi ya nyumbani ilikuwa ipi. Wanajibu kwa furaha kuliko wanapoombwa picha ya sita. Kwa mpiga gitaa kutakuwa na foleni. Kwa mpiga besi hakuna mtu, na ndiye aliyekuwa anashikilia ile hesabu muda wote. Anzia kwake.