Fizi zinatoka damu, mafuta ya ufuta yanasaidia?

Swali: Dada, nikipiga mswaki povu linatoka jekundu, fizi zimevimba hata korosho sitafuni. Rafiki kaniambia nitumie dawa ya Kihindi, mafuta ya ufuta, ni kweli? Msomaji, Nachingwea

Jibu: Pole sana mdogo wangu. Kweli ipo, kwenye Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, wanaita kavala, unachukua kijiko cha mafuta ya ufuta, hayahaya ya huku kwetu Lindi, unasukutua asubuhi kabla hujala dakika kama 10 alafu unatema, usimeze. Inasaidia kiasi, ila ugaga ulioganda kwenye meno mafuta hayautoi, huo mpaka daktari wa meno aukwangue, kwahiyo usiache mswaki eti kisa damu, tafuta laini, na zikipita wiki 2 bado damu inatoka nenda hospitali, tafadhali usisubiri jino lilegee.